Pikipiki ya kwendea kazini: kuichagua, kuiweka sawa na mwili wako, na kuiendesha bila kuumia

Miezi minne ya mwanzo niliamini kwamba pikipiki inaumiza, basi. Natoka Chanika alfajiri, napita Pugu, Gongo la Mboto, uwanja wa ndege, daraja la Mfugale pale TAZARA, mpaka Posta, katikati ya Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 30 kwenda, na kurudi vilevile. Nikifika kazini vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, hata kifungo cha shati kinanishinda, na kiuno kinaniuma mpaka saa nne. Wenzangu kijiweni walikuwa na jibu moja: utazoea.

Sikuzoea. Aliyenisaidia ni fundi mmoja mtu mzima, jirani yangu, niliyempelekea pikipiki anibadilishie oili tu. Aliniangalia ninavyoshuka, akaniambia, "Mdogo wangu, hebu panda tena. Fumba macho. Sasa nyoosha mikono, iweke pale inapotaka kukaa yenyewe." Nikanyoosha, nikashika hewa. Nilipofumbua macho, viganja vyangu vilikuwa juu ya usukani kwa vidole vitatu hivi, na nyuma yake kidogo. "Umeona? Hii pikipiki wamemfungia mtu mwingine." Akachukua spana mbili, na chai niliyoagiza kwa mama wa jirani ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Kesho yake nilifika Posta vidole vyangu vyote viko hai.

Tangu siku ile sikubali mtu kuambiwa atazoea. Maumivu yana sababu, na sababu hiyo karibu kila mara spana inaifikia. Tena mtu anayeumia huchelewa kushika breki, haigeuzi shingo kuangalia pembeni, na hukimbia ili afike haraka akapumzike. Kwa hiyo chukua saa moja ya Jumamosi, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Kuchagua: mwili kwanza, injini baadaye

Pikipiki za kazi tunazoziona kila siku ni za cc 100, 125 na 150: Boxer za Bajaj, HLX za TVS, Honda, Yamaha, na za Kichina kama Haojue, SanLG na Fekon. Mtu mmoja anayekwenda kazini na kurudi, 125 inamtosha. Ya 100 inakula mafuta kidogo na ni nyepesi, ila ukiilazimisha kwenda 70 kwenye barabara kuu huku lori liko nyuma yako, injini inalia mpaka mwisho na mtetemo wote unapanda kwenye viganja. Ya 150 nunua kama unapakia mtu kila siku, unabeba mzigo, au unaishi kwenye milima ya Lushoto au Mbeya. Usiinunue kwa sababu jirani anayo.

Dukani watakuharakisha. Omba ukae juu ya pikipiki dakika kumi nzima, ikiwa kwenye stendi ya kati, na viatu vyako vya kazini. Angalia mambo matatu. Nyayo: ishushe chini, kanyaga kwa miguu yote miwili, kama unagusa kwa ncha za vidole tu, kwenye foleni yenye mchanga itakulalia. Magoti: yaegemee tanki bila kulazimishwa, yasipande juu kama mtu aliyekalia kigoda. Mikono: viwiko vikunjike kidogo. Ukiona umenyoosha mikono mpaka mwisho na mabega yamevutwa mbele, usukani unaweza kusogezwa kiasi, lakini fremu hairefuki wala haifupiki. Miguu ikikataa, iache hiyo, jaribu nyingine.

Wanaovaa magauni, baibui au suti kazini huwa wananiuliza kuhusu skuta. Kupanda ni rahisi, miguu inakaa mbele kwenye sakafu, wala hakuna gia ya kukanyaga. Shida yake ni gurudumu. Skuta nyingi zina rimu ya inchi 10 au 12, na pikipiki ya kawaida ina 17 au 18. Gurudumu dogo linaingia ndani ya shimo ambalo kubwa lingelipita juu juu. Kama njia yako ni lami tupu, skuta ni chombo kizuri sana. Kama kuna kilomita mbili za makorongo kabla ya kufika lami, mgongo wako utazihesabu zote.

Pikipiki ya mkononi ina mitihani yake. Kabla ya kuiwasha, gusa injini. Kama ni ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Mwambie utarudi kesho. Ikiwaka, moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Simama nyuma yake hatua tano, uchuchumae, uangalie kama matairi mawili yako kwenye mstari mmoja, maana fremu iliyopinda baada ya ajali haifichiki hapo. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu kushoto na kulia: ukigoma kidogo katikati, kama vile umeingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zinavuja. Kisha linganisha namba ya injini na ya chasisi na zile za kwenye kadi, angalia kama inadaiwa faini kwenye mfumo wa mtandaoni wa polisi wa usalama barabarani, na msiachane bila kubadilisha umiliki TRA. Leseni yako nayo iwe na daraja la pikipiki.

Kuiweka sawa: mpangilio una maana

Pikipiki nyingi mpya hufika zikiwa kwenye makasha na kuunganishwa hapa nchini. Anayeziunganisha hana muda wa kukupima wewe. Ya kwangu niliichukua dukani cheni ikiwa imekazwa kama uzi wa gitaa, na sikujua kitu mpaka beringi ya nyuma ilipoanza kulia. Kwa hiyo hata kama ni mpya kabisa, anza mwanzo.

Fuata mpangilio huu kwa sababu kila hatua inabadilisha inayofuata. Ukianza na saiti mira halafu ukageuza usukani, saiti mira utazirudia.

Upepo. Pima asubuhi kabla hujaendesha, tairi likiwa la baridi. Pikipiki nyingi za aina hii, zenye tairi la 2.75 mbele na 3.00 nyuma, zinataka karibu psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako. Ukipakia, nyuma ipande hadi 32 hivi. Kijitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, kifuate hicho. Nunua geji yako mwenyewe, kwa sababu za vijiweni zimeanguka chini mara nyingi mno. Watu wengi wanaolalamika kwamba pikipiki yao inawarusha wamejaza tairi la nyuma mpaka limekuwa jiwe, eti lisipate pancha.

Shokapu za nyuma. Chini ya springi, au juu kutegemea aina, kuna pete yenye ngazi. Hiyo ndiyo inayoamua springi ibanwe kiasi gani. Bodaboda wengi huiweka kwenye ngazi ngumu kwa ajili ya mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa mpigo, na magunia. Ukiinunua kwao ukaiendesha peke yako, kila tuta litakupiga kiunoni. Geuza kwa spana ya ndoano hadi ngazi laini au ya pili, pande zote mbili ngazi sawa. Mwenzako apime: pikipiki ikiwa imesimama bila mtu, halafu ukiwa umeikalia. Nyuma ishuke sentimita mbili hadi tatu. Isiposhuka kabisa, bado ni ngumu. Ikilala sana, panda ngazi moja.

Usukani. Hapa ndipo nilipopona mimi. Usukani wa bomba umeshikwa katikati kwa nati nne. Zilegeze kidogo, usizitoe. Kaa, fumba macho, nyoosha mikono kama fundi alivyonifanyia, na mwenzako augeuze usukani mbele au nyuma mpaka ukutane na viganja vyako. Mabega yawe yameshuka. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ya mbele na ya nyuma, mpaka zote zishike. Sasa fanya ukaguzi huu usiuruke: geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Hakuna waya unaovutika? Vidole havibanwi kwenye tanki? Washa injini, rudia. Injini ikipanda mlio yenyewe usukani unapogeuka, waya wa mafuta umevutwa, na siku ukikata kona kali pikipiki itakukimbia. Panga waya upya kabla ya kutoka hapo.

Mikono ya klachi na breki. Kaa kama unaendesha, nyoosha vidole. Mstari wa kiwiko, kifundo cha mkono na vidole uwe mmoja, ukishuka kidogo kuelekea barabarani. Mikono hii ya klachi na breki mara nyingi huja ikiwa imeelekea juu mno, ukawa unakunja kifundo kila unapotaka kushika klachi. Ukizunguka foleni ya Buguruni hivyo kwa nusu saa, ganzi lazima. Legeza nati ya kishikio, ishushe, kaza tena, lakini usikaze kupita kiasi: ukianguka ni afadhali kishikio kigeuke kuliko mkono wa klachi ukatike. Ncha ya mkono wa klachi iwe na ulegevu wa sentimita moja hadi mbili kabla klachi haijaanza kushika. Ukikosekana ulegevu, klachi inateleza na sahani zinaungua. Ukizidi, gia zinaingia kwa kugonga.

Gia na breki ya mguu. Mguu ukiwa juu ya kikanyagio, kiatu kiingie chini ya gia bila kuinua goti. Kama kiatu cha kazini ni kinene na hakiingii, weka alama ya rangi kwenye mhimili, fungua nati, chomoa, sogeza jino moja, rudisha. Jino moja tu, ujaribu kwanza. Pedeli ya breki iwe chini kidogo ya usawa wa unyayo, ili unyayo ushuke na kushika bila mguu kunyanyuka. Kwenye breki za ngoma, nati iliyo mwisho wa fimbo ndiyo inayorekebisha ulegevu. Sentimita mbili hadi tatu zinatosha. Halafu angalia taa ya breki, maana swichi yake inafuata pedeli. Nimeona pikipiki zinazowasha taa nyekundu mchana kutwa, na nyingine zisizowasha kabisa, kwa sababu tu mtu alisogeza pedeli akaisahau swichi.

Cheni. Weka stendi ya kati, zungusha gurudumu taratibu huku ukibonyeza cheni katikati kwa kidole. Haibani sawa pote. Tafuta pale ilipobana zaidi, upimie hapo. Icheze juu na chini sentimita mbili hadi tatu. Ukiivuta nyuma, alama za kushoto na kulia zilingane, la sivyo gurudumu linakaa upande na pikipiki inavuta. Na ukishamaliza cheni, rudi kwenye breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu limesogea na ule ulegevu umebadilika. Watu wengi wanaruka hapo. Oili ya cheni ipake jioni ikiwa bado ya moto. Grisi nzito kwa vumbi letu inakusanya mchanga na kuwa msasa.

Saiti mira ziwe za mwisho. Ukiona viwiko vyako tu, zitanue. Unachotaka kuona ni njia iliyo nyuma na ile ya pembeni, na kipande kidogo cha bega.

Kiti nakitaja kwa kifupi. Kikiwa kimebonyea, fundi wa viti atakuwekea sponji ngumu na kukishona upya. Usiombe sponji laini sana: dakika kumi za mwanzo ni raha, saa ya kwanza ikiisha umekalia bati.

Kukaa na kuendesha

Sogea mbele, karibu na tanki, lishike kwa magoti. Magoti yakishika, mikono inapumzika, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika uendeshaji wa starehe. Usukani ni wa kuelekezea, usiuning'inie. Jipime barabarani: punga viwiko kama kuku anayetikisa mbawa. Vikikataa, umejikaza, shusha pumzi. Mgongo usimame kutoka nyonga, usijikunje kama mtu anayesoma simu. Ukiona shimo au tuta usiloweza kulikwepa, punguza mwendo kabla, halafu nyanyuka kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa. Miguu yako ndiyo shokapu bora uliyonayo.

Macho yaende mbali. Ukiwa kwenye 60, kila sekunde inakula karibu mita 17. Ukiangalia mita tano mbele ya tairi, unaangalia kilichokwisha kutokea. Acha sekunde mbili kati yako na gari la mbele, na mvua ikinyesha ziwe nne.

Breki ya mbele inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi tumefundishwa kuiogopa. "Usishike ya mbele, utapinduka." Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika, la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, kama theluthi mbili au zaidi, iko mbele. Anayetumia ya mguu peke yake anahitaji umbali mrefu mno, na watu wanagonga vitu ambavyo wangevikwepa. Kinachoangusha ni kuikamata ghafla, au kuishika ukiwa umelaza pikipiki kwenye kona, au juu ya mchanga. Mimi mwenyewe niliangukia mchangani karibu na Pugu kwa kuibana ya mbele huku usukani umegeuka. Goti lilichukua wiki tatu. Nenda uwanja mtupu, pikipiki ikiwa imenyooka. Anza na 20, gusa zote mbili kwa pamoja, kisha ongeza kubana ya mbele kama unavyokamua chungwa: polepole, halafu kwa nguvu. Rudia mara ishirini. Panda hadi 30, hadi 40. Fanya hivyo kila mwezi, maana siku utakayoihitaji hutakuwa na nafasi ya kufikiri.

Kwenye foleni, klachi ishike kwa vidole viwili, mguu ugusie breki ya nyuma kidogo, na injini uipe mafuta kidogo kwa mkono wa kulia. Vitu hivyo vitatu vikiwa pamoja, pikipiki inatambaa bila kuyumba na huhitaji kupiga miguu chini kila hatua. Ukisimama kwa muda, weka nyutro, pumzisha mkono. Kupenya kati ya magari fanya yakiwa yamesimama, kwa mwendo ambao unaweza kusimama mara moja, kwa sababu milango ya daladala hufunguka popote. Usikae ubavuni mwa lori hasa kushoto kwake. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Njia ya Mwendokasi iache, hata ikiwa tupu kiasi gani: basi linakuja nyuma yako na huna pa kutokea.

Mvua, nguo, na anayekaa nyuma

Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya, hasa ya kwanza baada ya kiangazi, kwa sababu oili na vumbi la lami vinaelea juu. Subiri chini ya kibanda robo saa, ikuoshee barabara. Mistari myeupe na mifuniko ya chuma ya chemba ikilowa ni sabuni. Ipite ukiwa umenyooka, bila breki. Maji usiyoona chini yake usiingie, iwe Jangwani au mtaani kwako. Ukishavuka maji, breki za ngoma zinakuwa zimelowa na hazishiki, hivyo zigusie kidogo mita mia moja zikauke.

Helmeti ibane mashavu. Ishike kwa mikono miwili uigeuze: ngozi ya paji igeuke nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, zilionyesha kwamba inapunguza vifo kwa karibu 42% na majeraha ya kichwa kwa karibu 69%, lakini ile isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kioo kiwe kisafi, maana mdudu mmoja wa jioni jichoni anatosha kukutoa barabarani. Viatu vifunike vifundo. Begi zito mgongoni ndilo linaloua mabega. Lifunge kwenye keria, usawa wa katikati, karibu nawe.

Abiria wa nyuma mwambie mapema: ashike kiuno chako au keria, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mkisimama, na kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnaoelekea. Mama au dada aliyevaa kanga, baibui au mtandio aukusanye na kuukalia kabla hujaondoka. Nguo iliyoshikwa na spoku au cheni inamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele, kwa hiyo shuka, zunguka nyuma, uangalie kwa macho yako.

Baada ya wiki ya kwanza pitia nati zote ulizogusa, kwa sababu mtetemo huzilegeza. Na kila jioni ukifika nyumbani, gusia rimu ya nyuma karibu na ngoma kwa mgongo wa kiganja, halafu ya mbele. Ya nyuma ikiwa ya moto sana na wewe hukushika breki kwa nguvu, imebana. Legeza nati ya fimbo mzunguko mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka liende lenyewe, halafu jaribu pedeli kabla ya kulala.